Wiki Niliyoigeuza Same Kuwa Jiji

Jumatatu, 14 Julai

Habari mbaya. Dina anahama. Kanieleza leo asubuhi kupitia uzio wa michongoma, huku anaanika kanga, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia kwamba maji yametoka. Mwanawe Reginald anakuja Jumapili kumchukua, akaishi naye Dar es Salaam moja kwa moja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema jioni za hapa ni ndefu mno. Nikamwambia jioni zote zinaanza saa kumi na mbili, ya Same haijaongezwa hata dakika. Akacheka, akaendelea kuanika.

Nimeshajua maneno haya yametoka wapi. Ni Beatha, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Mwaka juzi alikaa Dar wiki mbili na mpaka leo masimulizi hayajaisha. Kila baada ya mazoezi tunasikia habari za migahawa yenye bendi, watu wanakula samaki huku wanapigiwa magitaa, wahudumu wamevaa tai. Dina humsikiliza mpaka anasahau kufunga kitabu cha nyimbo. Na leo mchana Beatha kaja na futi ya cherehani kupima jokofu la Dina, aone kama litaenea jikoni kwake. Mtu hajafunga hata begi!

Sasa nifikiri. Nimekuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya serikali miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Wakubwa kumi na wanne wamepita, na wote niliwaendesha bila wao kujua. Nitashindwaje kumbakiza jirani mmoja? Dina ananizidi miaka miwili tu, na tumekuwa majirani kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za marehemu mumewe Aminieli. Akiondoka, habari za Beatha nitampa nani?

Kama tatizo ni jioni, basi jioni zitatengenezwa. Ninazo siku tano kabla Reginald hajafika. Nitamtoa Dina usiku, ale mezani, asikilize muziki, aone kwamba Same nako watu wanaishi. Ikifika Jumapili Reginald atapanda basi peke yake. Nimeanza kuandika orodha ya migahawa, na ni ndefu kuliko nilivyotegemea: sita.

Jumanne, 15 Julai

Tumetoka. Nilichagua mgahawa wa Salimu, nyuma ya soko, kwa sababu viti vyake vina mito. Salimu ni mtu mpole, ukimwambia kitu anasema sawa mama. Niliwahi saa nzima kabla ya Dina ili nimpange. Nikamweleza kwamba kwenye miji mikubwa watu hula kwa mwanga wa mishumaa. Akasema sawa mama. Akazima taa zote, akawasha mishumaa minne, mmoja juu ya kopo la maziwa.

Dina alifika, akasimama mlangoni, akauliza kwa huruma kama luku imeisha. Nikamwambia huu ndio mtindo. Akaitikia, lakini nilimwona anamnong'oneza Salimu pole. Wateja watatu waliokuja nyuma yetu walichungulia, wakakuta giza, wakahamia kwa jirani. Dina hakuvumilia. Akatoa simu, akamnunulia Salimu umeme wa elfu mbili, akamsomea tarakimu moja moja mpaka zikaisha. Salimu akasema sawa mama, akaziingiza. Taa zikawaka, maana umeme haukuwa umekatika.

Muziki ulikuwa wa redio. Ulikwenda vizuri mpaka saa mbili kasoro, yalipoanza matangazo ya vifo. Tulikula wali na kuku huku tunaelezwa nani kafariki, ameacha watoto wangapi na mazishi ni saa ngapi. Watatu wa kwanza hatukuwajua. Wa nne Dina alisoma naye. Akaacha kuku wake nusu.

Kosa si la mpango, kosa ni la redio. Muziki lazima upigwe na watu, wakiwa palepale, wanaonekana.

Jumatano, 16 Julai

Kutwa nzima nimetafuta wanamuziki. Same ni mji wa njiani. Kila bendi inapita hapa ikienda Moshi au Arusha, inakula, inajinyoosha, inaondoka. Kassimu, mwenye Noah ya kukodisha pale stendi, anasema bendi kubwa aliiona mwaka jana. Ilikuwa imelala ndani ya basi.

Halafu nikamkumbuka Zephania! Kiongozi wa tarumbeta za kanisa. Watu sita, wakipiga mpaka mlima unaitikia. Nimemfuata nyumbani kwake. Akauliza ni harusi ya nani. Nikamwambia hakuna harusi, watu watakuwa wanakula tu. Akauliza tena, kwa adabu, wanakula kwa sababu gani. Mzee wa watu amepuliza tarumbeta miaka arobaini na hajawahi kuitwa mahali ambapo hakuna bibi harusi wala marehemu. Nikamwambia apige za polepole, watu watafune kwa raha. Uso ukamtulia. Akasema za polepole anazo nyingi.

Mahali nimepata pia. Hoteli ya Hellen, kandokando ya barabara kuu, pale mabasi ya Arusha na Dar yanaposimama abiria wale. Hellen kakubali mara moja, kasema bora hata tarumbeta kuliko honi. Kesho saa moja usiku. Nimemwambia Dina avae gauni lake la kijani. Nalala na furaha.

Alhamisi, 17 Julai

Aibu.

Hoteli ilikuwa imejaa, abiria wa basi zima wamo. Zephania na wenzake wakaingia, wote sita na suti nyeusi. Nilipaswa kushtuka hapo. Wakajipanga nyuma ya meza ya kachumbari, wakafuta midomo, wakainua tarumbeta.

Wakapiga wimbo ule wa kutolea jeneza ndani kulipeleka uani. Kila mtu wa milima hii anaujua. Huu ndio wao wa polepole.

Hoteli nzima ikasimama. Kofia zikavuliwa. Dereva wa basi alikuwa na paja la kuku mkononi, akasimama nalo, akalificha mgongoni kwa heshima. Mzee mmoja akaanza kusali kwa Kipare. Wahudumu wakaganda na sahani zao, maana huwezi kumpita mtu na chipsi wakati marehemu anatoka. Nikampungia Zephania mkono kwamba abadilishe. Akadhani namwambia apandishe sauti, akapandisha. Beti zote nne. Mama mmoja wa Msangeni, aliyezika mumewe mwezi wa tano, alilia mpaka Dina akamwendea, akakaa naye, akamshika mikono.

Kama yangeishia hapo ningeshukuru. Lakini tarumbeta usiku husikika mbali, na kwetu ukisikia wimbo ule huulizi, unabeba kuni. Haikupita nusu saa wakaanza kuingia akina mama wa mtaani. Kuni kichwani. Mwingine na mahindi, mwingine na ndoo ya maharage. Wanauliza kwa sauti ya chini msiba umewekwa chumba gani. Mbele yao Beatha, kajifunga kanga tayari. Akanikuta nimekaa na soda. Akaniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna. Akanitazama kana kwamba ningeweza kufariki mwenyewe kusaidia hali lakini sitaki.

Hakuna hata mmoja aliyekubali kurudi nyumbani na kuni za msiba. Wakawasha moto uani kwa Hellen, wakapika makande, na abiria wote wakala. Basi likachelewa dakika arobaini. Zephania kaniambia, akifungasha, kwamba watu walikuwa wasikivu sana na kwamba yeye na wenzake wangependa kuja tena.

Dina alicheka njia nzima kurudi. Njia nzima! Nikahesabu kwamba nimeshinda. Lakini tulipofika getini kwake alisimama, akaangalia dirisha lake lenye giza, na kicheko kikaisha. Akaniambia nilale salama, akaingia. Sijui alipatwa na nini. Labda makande yalikuwa hayajaiva.

Ijumaa, 18 Julai

Reginald kanipigia simu leo. Kijana ana adabu, shikamoo yake inatoka tumboni. Aliuliza kama mama yake anakula. Nikamwambia anakula sana, tena siku hizi anakula na tarumbeta. Akasema mama humwambia kwamba jioni nyingi anakunywa chai na kulala, kwa kuwa kupika kwa ajili ya mtu mmoja kunamchosha. Nikamwambia mbona hata mimi jioni nakunywa chai tu na kulala, na sijambo kabisa. Akanyamaza kidogo. Mtandao wa Dar si mzuri kama wanavyosifia.

Beatha kapita tena. Leo alichomoa jokofu la Dina ukutani, asikie linanguruma vipi likichomekwa upya. Dina alimwacha. Dina ni mtu wa kuachia watu, ndiyo maana inabidi mtu kama mimi awepo.

Jambo jema: Hellen anasema kesho anakuja mtu wa kinanda kutoka Moshi, atapiga hotelini kwake kuanzia saa moja. Kinanda, na kuimba anaimba mwenyewe. Sijamwonyesha Dina furaha yangu. Nimemwambia tu kwamba kesho kuna jambo kubwa, asiulize chochote, kila atakachoambiwa afuate. Akasema, baada ya Alhamisi, hana wasiwasi tena na lolote.

Kesho ndiyo jioni ya mwisho. Reginald anaingia keshokutwa asubuhi. Nimenyoosha nguo mara mbili.

Jumapili, 20 Julai, asubuhi

Jana sikuandika. Sikuwepo. Nieleze kwa mpangilio.

Tulifika kwa Hellen saa moja. Dina na gauni la kijani, mimi na viatu nilivyovaa siku ya kuagwa kazini. Mtu wa kinanda alikuwepo lakini waya wake ulikuwa mfupi, hivyo anazungukazunguka kutafuta soketi. Nje basi la Dar limesimama, ndani abiria wamejaa, na chakula chetu hakiji. Pale hotelini utaratibu ni mmoja: abiria kwanza, kwa sababu wana dakika ishirini tu. Wenyeji mngoje, nyumba zenu haziondoki. Nikaona jioni ya mwisho inaishia kwenye kungoja. Nikamwita mhudumu, nikamwambia sisi ni abiria.

Chakula kikaja hapohapo. Kuku wa moto, chipsi, kachumbari, na limau juu. Nikajiona nina akili. Nikainuka kwenda kumhimiza mtu wa kinanda aanze na kitu cha furaha, nikamshikia waya, tukasogeza meza. Kilichonipita ni kwamba pale anayewahi kupewa chakula ndiye anayewahi kuondolewa.

Nilipogeuka, meza tupu. Konda alikuwa ameingia akipiga makofi, abiria wa Dar tunaondoka, na mhudumu kamwonyesha mezani kwetu. Dina niliyemwambia afuate kila atakachoambiwa akafuata. Nikamwona kupitia dirishani anapanda ngazi za basi, konda kambebea pochi na soda yake, kuku wake yumo kwenye mfuko wa karatasi. Anapanda basi la Dar es Salaam. Wiki nzima nahangaika asiende Dar, na mimi ndiye niliyempakia!

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki hotelini. Nikapanda basi ili nimshushe, konda akasema vizuri mama, ulibaki wewe tu, akafunga mlango. Gari ikaondoka.

Dina alikuwa dirishani, kafunga mkanda, uso wote unang'aa. Akasema, "Mdogo wangu, leo umeniweza." Alidhani hili ndilo jambo kubwa nililomwandalia. Nilifungua mdomo kumwambia ukweli, nikamwangalia alivyofurahi, nikaufunga. Nikakaa pembeni yake. Taa za Same zikaisha, ikabaki milima tu upande wa kushoto, nyeusi, na Dina ananitajia vijiji vilivyo juu, kila kimoja na mtu aliyeolewa huko. Tulikula kuku kwenye mfuko. Sijui kwa nini, lakini nilikuwa na raha.

Baada ya nusu saa simu ya konda ikalia. Wanawake wawili wameachwa Same, walikuwa msalani, na wanaongea wote kwa pamoja. Konda akaanza kuhesabu vichwa. Alipofika kwetu nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Basi zima likacheka, dereva naye. Akasema kurudi hawezi, atasimama Makanya. Kassimu atawaleta wale wawili na Noah yake, na sisi tutarudi nayo.

Makanya kuna nini? Vumbi, reli na machimbo ya jasi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema siku zote. Basi lilisimama mbele ya kibanda cha mbuzi wa kuchoma. Pembeni palikuwa na wapakiaji wa jasi waliotoka kazini, weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, wamekaa juu ya magunia. Mmoja wao, Rashidi, alikuwa na gitaa lenye nyuzi tano. Mwenzake anapiga dumu la maji, mwingine anatikisa chupa yenye vizibo. Hakuna aliyewaita wala kuwapanga. Walikuwa wanapiga kwa sababu ni Jumamosi.

Abiria wakashuka kunyoosha miguu na miguu ikakataa kutulia. Dereva akacheza. Dina alikula mbuzi kwa mkono, wima, hakuna meza, hakuna mto, akafuta vidole kwenye karatasi ya gazeti, akaingia katikati. Sijamwona Dina akicheza tangu harusi ya Reginald. Mimi nilicheza na mtu mwenye kope nyeupe, na kiatu kimoja. Hili naliandika kwa kuwa Beatha atalisimulia vibaya.

Tulipochoka tukakaa juu ya magunia. Nikamweleza yote. Kwamba basi sikulipanga. Kwamba mishumaa, tarumbeta na kinanda vyote vilikuwa vya kumwonyesha kwamba Same nako kuna jioni, asihame. Akasema alijua kuhusu basi tangu aliponiona nakimbia na kiatu kimoja. Kisha akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema.

"Asteria, mimi sihamii migahawa. Tangu Aminieli afariki nakula peke yangu. Naona taa ya jikoni kwako, nawe uko peke yako. Miaka mitatu hujawahi kuvuka uzio ukala na mimi usiku."

Nikajitetea kwamba sikualikwa. Akauliza jirani wa miaka ishirini na sita anaalikwa kwa kadi? Nikasema nilidhani anataka kupumzika. Akasema, "Nilikuwa nakungoja."

Nililia. Mchana nakutana naye mara kumi, namwazima chumvi, namsimulia watu, lakini ikifika saa kumi na mbili nafunga mlango na kuzima moyo, kwa sababu jioni ndipo ukimya unaponiuma hata mimi, na sikutaka mtu anione. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

Kassimu akaja. Wale wawili walishuka wakiwa na hasira, mmoja akiwa na kiatu changu. Basi likaondoka na kwenda zake Dar. Sisi tukarudi.

Jumapili, jioni

Reginald kafika. Amenenepa. Dina alimkalisha, akampa chai, akamwambia haendi. Krismasi atakwenda, atakaa wiki mbili awaone wajukuu, atarudi. Kijana alitaka kubisha, akauliza jioni je? Dina akanionyesha mimi kwa kidole, kama mtu anayeonyesha kabati alilonunua. Reginald akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mama mdogo. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Beatha alikuwepo na mkokoteni. Nilifikiri nitafurahi zaidi. Nilimwona anakunja futi yake polepole, na nikamwonea huruma kwa muda wa dakika moja hivi. Jokofu limebaki ukutani kwa Dina.

Dina kanipa masharti mawili. Kila jioni saa moja nivuke uzio, nile kwake, kesho yake ale kwangu. La pili ni kwamba mipango ikome. Alinitazama usoni alipolisema hilo, na akanitaka nirudie. "Mipango basi, Asteria. Njoo tu." Nikaapa, na Reginald akiwa shahidi.

Jumatatu, 21 Julai

Jioni ya kwanza. Makande, yaliyokaa motoni tangu saa tisa, na nazi kidogo. Hakukuwa na muziki. Hakukuwa na mito. Reginald alikula sahani tatu, akalala kwenye kochi na viatu. Mimi na Dina tulikaa jikoni mpaka saa nne tukimzungumza Beatha, kwaya, marehemu Aminieli alivyokuwa anakoroma, na yule mwenye kope nyeupe, ambaye Dina anadai aliulizia jina langu. Nimegundua kwamba Dina anaweka chumvi baada ya kupakua. Miaka ishirini na sita sikuwa najua.

Nimerudi kupitia uwazi kwenye michongoma. Kwa mara ya kwanza sikuwasha redio nilipoingia. Nina furaha. Nasema wazi.

Jumanne, 22 Julai

Reginald kaondoka na basi la asubuhi. Dina alimpungia mkono mpaka basi likapotea, halafu akabaki anaangalia barabara tupu. Kidogo tu, lakini niliona. Nimerudi nyumbani nikatafakari. Krismasi si mbali. Je, akienda huko akapapenda? Wajukuu wakimlilia je? Mtu makini hangoji mpaka Desemba.

Jibu ni rahisi, nashangaa halikuja mapema. Kama Dina hatakiwi kwenda kwa Reginald, basi Reginald aje kwa Dina. Nimetoa taipureta yangu chini ya kitanda. YAH: OMBI LA UHAMISHO WA NDUGU REGINALD KUJA SAME. Nimeandika kurasa mbili kwa mwajiri wake, kwa heshima na taadhima, nakala kwa watu wanne. Nimeeleza hali ya hewa, ubora wa tangawizi, na haja kubwa ya vijana wenye adabu katika wilaya hii. Habari za mkewe kuwa na kazi kule Dar nimeziacha, ni jambo dogo na lingechanganya wasomaji. Nimesaini kwa niaba ya Reginald. Mkono wangu ni mzuri kuliko wake.

Nilikumbuka kiapo. Lakini niliapa kuhusu mipango, na hii ni barua.

Nimeipeleka posta mwenyewe, kwa rejesta, nikarudi mapema kuchambua mchicha, maana leo zamu ilikuwa yangu. Dina alivuka uzio saa moja kamili na kijiko chake. Wakati tunakula akaniuliza leo kutwa nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilipumzika tu. Akasema vizuri, mdogo wangu, ulikuwa umechoka, akanimegea nusu ya ndizi yake.